Kabla ya Kuomba Kazi, Watu Huwauliza Waliomo

Tangazo la kazi limehama. Zamani lilikaa kwenye kurasa za ndani za gazeti, kwenye ubao wa ofisi ya wilaya au kwenye karatasi iliyobandikwa langoni mwa kiwanda. Leo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kurasa za Facebook na Instagram, chaneli za Telegram na akaunti za LinkedIn. Kuhama huko kumebadilisha mambo mawili. La kwanza, tangazo huwafikia watu wengi kwa gharama ndogo, hata nafasi moja ya uhasibu au udereva yaweza kuleta rundo la maombi ambalo afisa rasilimali watu hana muda wa kulimaliza. La pili, anayelisoma ana njia ya kumpata mtu aliyemo ndani na kumuuliza yasiyoandikwa: mshahara hutoka tarehe ngapi, bosi ana hulka gani, mkataba ni wa mwaka au wa miezi mitatu mitatu, na walioondoka waliondoka kwa nini.

Jambo hilo la pili ndilo lililozaa mbinu inayoshika kasi miongoni mwa waajiri: kuwaachia wafanyakazi wenyewe, kwa sura na sauti zao, waieleze kampuni mitandaoni ili wanaofaa wavutike. Mbinu yenyewe huja kwa video fupi, simulizi za kazini, picha, majibu kwa maswali ya waombaji, na mapendekezo ya majina. Ikitumiwa vizuri huwafaa mwajiri na mwombaji kwa pamoja. Ikitumiwa vibaya huwa ulaghai uliovaa sura ya mtu wa kweli.

Kazi hupitia kwa watu

Kwamba kazi hupatikana kupitia watu si habari mpya, na utafiti wake una zaidi ya nusu karne. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya uhusiano wa mbali, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wanaume waliobadili kazi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Asilimia 56 hivi kati yao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemjua. La kushangaza zaidi ni kwamba, kwa wale waliosaidiwa na mtu, asilimia 17 tu ndio waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walikutana naye mara moja moja, au kwa nadra sana.

Sababu yake inaeleweka. Ndugu na rafiki wa karibu hujua yale yale anayoyajua mtafuta kazi. Mtu aliyesoma naye zamani, au aliyekutana naye kwenye semina, ndiye huja na habari za kwingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima jambo hilo kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, katika kipindi cha miaka 5 ambamo uhusiano mpya bilioni 2 uliundwa na ajira mpya 600,000 zikarekodiwa. Ulionyesha kuwa waliosaidia zaidi ni watu wanaofahamiana kiasi: si wale walio chanda na pete, wala si wageni kabisa.

Mitandao ya kijamii imejaa uhusiano wa namna hiyo. Mfanyakazi wa kawaida ana watu aliosoma nao sekondari, aliofanya nao mafunzo kwa vitendo, majirani wa zamani na wateja aliobadilishana nao namba. Anapoandika kuwa idara yao inatafuta fundi, habari huwafikia watu ambao ukurasa rasmi wa kampuni usingewagusa. Nchini Kenya, alama ya #IkoKaziKE imetumiwa kwa miaka kuwaunganisha watu wasiojuana kabisa na nafasi za kazi. Tanzania, JamiiForums ina jukwaa zima la nafasi za kazi na tenda, ambako tangazo likiwekwa haichukui muda kabla mtu hajauliza, "Hawa jamaa wanalipa vizuri?"

Upande wa waajiri, fikra iliyotangulia ni ya mwaka 1996, pale Tim Ambler na Simon Barrow wa Uingereza walipoandika kuwa kampuni ina jina mbele ya wafanyakazi kama ilivyo na jina mbele ya wateja, na kwamba jina hilo linahitaji kutunzwa. Wakati huo mwajiri aliweza bado kulitengeneza jina lake mwenyewe. Mwaka 2003 LinkedIn ilifunguliwa kwa umma, na mwaka 2008 ikafuata Glassdoor, tovuti inayomruhusu mfanyakazi kumtathmini mwajiri wake bila kutaja jina. Kuanzia hapo jina la mwajiri halikuwa tena mali ya idara ya matangazo. Thamani ya habari hizo ilionekana sokoni: Microsoft iliinunua LinkedIn mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na kampuni ya Recruit ya Japani ikainunua Glassdoor mwaka 2018 kwa dola bilioni 1.2.

Anachosema mfanyakazi ambacho tangazo halisemi

Nguvu ya sauti ya mfanyakazi haitokani na ufasaha. Inatokana na ukweli kwamba anajua adha ya kazi, na akiificha, wenzake wanaosoma alichoandika watajua kuwa ameificha. Tangazo rasmi halina mzigo huo. Chukua kiwanda cha kusindika maziwa kinachotafuta fundi wa majokofu. Tangazo lake litasomeka hivi: "Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Maneno hayo yanamfaa fundi wa majokofu, karani wa benki na mpishi wa hoteli kwa kiwango kile kile.

Sasa fundi wa zamu ya usiku wa kiwanda hicho asimame mlangoni mwa chumba cha baridi kwa dakika moja mbele ya simu, akiwa na koti zito na buti za mpira. Anaonyesha kipimo kinachosoma nyuzi 4. Anaeleza kuwa zamu huanza saa 2 usiku na kuisha saa 11 alfajiri. Kwamba basi la kampuni huwashusha barabara kuu, na anayekaa ndani ndani atembee kilichobaki. Kwamba Ramadhani na Desemba ni miezi ya kukimbizana. Mwisho anasema kilichomfanya abaki: kiwanda kilimlipia kozi ya majokofu katika chuo cha ufundi cha VETA, na mshahara haujawahi kuvuka tarehe 28. Asiyeweza baridi au kukesha atajiondoa mwenyewe bila kumpotezea mtu muda. Aliyewahi kufanya kazi hiyo atatambua kuwa msemaji ni fundi kweli. Atakayeomba atakuwa anajua anakokwenda.

Faida ya kumwonyesha mwombaji kazi ilivyo, pamoja na ugumu wake, ilianza kupimwa kabla intaneti haijakuwapo. Mwaka 1956 mtafiti Joseph Weitz alieleza jinsi waliotaka kuwa mawakala wa bima ya maisha walivyopewa kijitabu chenye mazuri na magumu ya kazi hiyo. Waliopewa walidumu kuliko wasiopewa. Mwaka 1973 John Wanous alitumia filamu mbili kwa wahudumu wa simu nchini Marekani, moja ikionyesha mazuri matupu na nyingine kazi ilivyo. Walioona filamu ya kweli walikuja na matarajio ya wastani na hawakuwa wepesi kufikiria kuacha kazi. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa athari hiyo si kubwa, lakini ipo. Video ya fundi wa majokofu ni filamu ile ile ya Wanous, tofauti ikiwa kwamba sasa inapigwa kwa simu na kusambazwa bure.

Kila mtandao na watu wake

Kosa linalorudiwa na waajiri wengi ni kuweka tangazo moja, kwa lugha moja, kwenye mitandao yote. LinkedIn ni uwanja wa wahasibu, wahandisi, mameneja na wataalamu wa kompyuta, na mazungumzo mengi humo ni ya Kiingereza. Anayetafuta madereva wa kusambaza mizigo, wahudumu wa hoteli, mafundi cherehani au walinzi hatawakuta huko. Watu hao wako Facebook, TikTok na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya chuo, ya chama cha akiba na mikopo au ya waliomaliza shule mwaka mmoja, na huongea Kiswahili. Tangazo la Kiingereza kizito kwa nafasi ya msambaza mizigo wa bodaboda huchuja ujuzi wa lugha ambao kazi yenyewe haiuhitaji.

TikTok na Instagram zinafaa kuonyesha kazi za mikono na mazingira: jiko la hoteli, karakana, shamba la maua, wodi ikiwa haina wagonjwa. Julai 2021 TikTok ilijaribu nchini Marekani mpango wa kuwaruhusu watu kutuma wasifu wao kwa video badala ya karatasi. WhatsApp, kwa upande wake, ndiyo yenye imani kubwa zaidi, kwa kuwa ujumbe hutoka kwa mtu ambaye namba yake imehifadhiwa. Hapo hapo ndipo tangazo hupoteza asili yake: hupigwa picha ya skrini, hukatwa juu na chini, na kuendelea kuzunguka miezi kadhaa baada ya nafasi kujazwa. Tiba yake ni ndogo. Kila tangazo liwe na tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, namba ya kumbukumbu na anwani ya ukurasa wa kampuni, na yote hayo yaandikwe ndani ya picha yenyewe ili yasipotee inaposambazwa.

Bando nalo lina neno. Video ya dakika tano yenye muziki na picha zilizopigwa kwa droni inapendeza kwenye skrini ya mkurugenzi, lakini kijana anayenunua bando la siku hataimaliza. Dakika moja, sauti inayosikika na maandishi machache chini ya picha vinatosha.

Maandalizi yake

Mpango wa kutumia sauti za wafanyakazi huanza na kuchagua kwa hiari. Anayependa kuongea ajitokeze, asiyependa aachwe, na kukataa kusiingie kwenye tathmini yake ya mwaka. Kampuni makini huhakikisha pia kuwa sauti hizo zinatoka ngazi zote: mlinzi na mpokea wageni pamoja na mhandisi, mgeni wa miezi sita pamoja na mkongwe wa miaka kumi. Kampuni inayoonyesha mameneja watupu huwa imewaeleza waombaji jambo moja bila kukusudia.

Hatua inayofuata ni mafunzo mafupi. Kampuni ya kompyuta ya Dell ilianzisha mwaka 2010 programu ya ndani ya kuwafundisha wafanyakazi wake matumizi ya mitandao ya kijamii kabla ya kuwaruhusu kuizungumzia kampuni hadharani. Si lazima kila mwajiri awe na programu ya namna hiyo. Ukurasa mmoja unaoeleweka unatosha. Useme wazi kwamba mfanyakazi ajitambulishe kuwa ameajiriwa na kampuni anayoizungumzia. Useme asitoe siri za wateja, taarifa za wagonjwa, bei za zabuni wala picha ya mtu asiyeridhia. Useme pia nani wa kuulizwa pale mfanyakazi anapopata shaka, na kwamba ana haki ya kutaja magumu ya kazi.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Idara ya mawasiliano huichukua video, huikatakata, huondoa sentensi ya basi linaloshusha watu barabara kuu, na kuweka mahali pake wimbo na nembo. Kinachobaki ni tangazo la kawaida lenye sura ya mfanyakazi. Mhariri wa video hizi ana kazi tatu tu: kuhakikisha hakuna siri iliyotoka, hakuna uongo uliosemwa, na sauti inasikika.

Muda nao uhesabiwe. Kujibu maswali ya waombaji ni kazi, na mfanyakazi anayejibu ujumbe usiku akiwa kwake anaifanyia kampuni kazi bila malipo. Mei 2014 Zappos, kampuni ya Marekani inayouza viatu mtandaoni, ilitangaza kuacha kuweka matangazo ya nafasi za kazi na badala yake ikawaalika wanaoitamani wajiunge na jumuiya ya kuzungumza na wafanyakazi wake. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepokea maombi 31,000 hivi na kuajiri takriban asilimia 1.5 ya waombaji. Uamuzi huo uliondoa rundo la barua, lakini ulileta mzigo mwingine, kwa kuwa mazungumzo na maelfu ya watu yanahitaji watu wa kuyafanya. Kampuni inayowaomba wafanyakazi wake wawe wasemaji iwatengee saa za kufanya hivyo ndani ya saa za kazi.

Sauti zikinunuliwa

Mwaka 2018 watumiaji wa Twitter walianza kuona akaunti za wafanyakazi wa maghala ya Amazon zenye majina yanayofanana, zikijibu karibu kila lawama kuhusu kampuni hiyo: mishahara ni mizuri, mapumziko yapo, kwenda chooni hakuna shida. Wafanyakazi hao walikuwa wa kweli na walilipwa kwa kazi hiyo. Tatizo lilikuwa kufanana kwao. Watu waliwacheka, wengine wakafungua akaunti bandia za kuwaigiza, hadi ikawa vigumu kujua nani ni nani. Machi 2021 chombo cha habari cha The Intercept kilichapisha waraka wa ndani ulioonyesha kuwa walichaguliwa kwa kigezo, pamoja na vingine, cha kuwa wacheshi, na kuandaliwa namna ya kuwajibu wakosoaji. Januari 2022 gazeti la Financial Times liliripoti kuwa mpango huo umefutwa.

Kwenye tovuti za tathmini mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal lilichunguza mamilioni ya maoni yaliyowekwa Glassdoor na kukuta kampuni zaidi ya 400 ambazo maoni juu yake yaliongezeka ghafla ndani ya mwezi mmoja, mengi yakiwa ya sifa kuliko miezi ya kabla na baada. Baadhi ya waajiri walikuwa wamewahimiza wafanyakazi wao kuandika mazuri.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji utafiti kuugundua mchezo huo. Mfanyakazi anayemsifu mkurugenzi kila asubuhi huitwa chawa, na sifa zake hazimshawishi yeyote aliyewahi kuajiriwa. Kinachoshawishi ni mambo yanayoweza kuhakikishwa: tarehe ya mshahara, bima ya afya inayomhusu nani, idadi ya waliopandishwa vyeo kutoka ndani, muda wa likizo ya uzazi unaozingatiwa kweli. Mambo hayo hayatungwi na mpiga picha. Yawepo kwanza, ndipo yasemwe. Wahenga walishasema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na matangazo ya ajira yamewapa ushahidi mwingi.

Mapendekezo na undugunaizesheni

Kampuni nyingi huunganisha sauti za wafanyakazi na malipo ya mapendekezo: anayemleta mtu akaajiriwa hupewa bonasi, kwa kawaida baada ya aliyeletwa kumaliza kipindi cha majaribio. Faida yake imethibitishwa. Mwaka 2016 wachumi Amanda Pallais na Emily Glassberg Sands walionyesha, kwa majaribio ya kuajiri watu mtandaoni nchini Ufilipino, kwamba waliopendekezwa na wafanyakazi walifanya kazi vizuri zaidi na hawakuacha kazi kirahisi wakilinganishwa na wasiopendekezwa.

Lakini mtu hupendekeza anaowajua, na anaowajua hufanana naye. Hili lilipimwa Malawi na Lori Beaman, Niall Keleher na Jeremy Magruder, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Waombaji wa kazi ya kukusanya takwimu waliombwa walete watu wengine. Wanaume walipoachiwa wachague, walileta wanawake wachache mno, ingawa walipotakiwa hasa kuleta mwanamke waliweza kumpata mwenye sifa. Hata walipoahidiwa malipo yanayotegemea uwezo wa waliyemleta, tabia hiyo haikubadilika. Nao wanawake hawakuleta wanawake wenye sifa wa kutosha kuziba pengo hilo.

Katika nchi ambako neno undugunaizesheni halihitaji kuelezwa, jinsia ni upande mmoja tu. Kabila, dini, chuo na kijiji hupita mlango huo huo. Kinga zake zinajulikana. Nafasi itangazwe hadharani hata kama kuna jina lililopendekezwa. Anayependekeza asikae kwenye jopo la usaili. Wote wapimwe kwa jaribio moja. Wafanyakazi waombwe waziwazi kuleta wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa mikoa ambako kampuni haina mtu. Pendekezo limfungulie mtu mlango wa usaili, lisimpe kiti.

Matapeli hutumia njia hiyo hiyo

Kwa sababu sauti ya mtu huaminiwa kuliko tangazo, matapeli wameikimbilia. Wa ndani ya nchi hughushi nembo ya kampuni inayojulikana, hufungua kundi la WhatsApp, huweka humo "wafanyakazi" wawili watatu wanaoshukuru kwa kupata kazi, kisha huomba pesa ya fomu, ya vipimo vya afya au ya sare. Mwajiri halali haombi pesa kwa mwombaji, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Kampuni ambayo wafanyakazi wake halisi wanaonekana na kujibu mtandaoni huwarahisishia waombaji kubaini wa bandia.

Ulaghai unaovuka mipaka ni mzito zaidi. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuhusu mpango wa Alabuga Start katika Tatarstan, Urusi, uliowalenga wasichana wa Kiafrika wenye umri wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Uganda, Kenya na Rwanda. Mitandaoni ulinadiwa kwa video za wasichana wenye tabasamu wakiwa kazini, ukiahidi kazi na mafunzo katika fani kama huduma za chakula. Wasichana takriban 200 walijikuta kiwandani wakiunganisha droni za kivita. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2022, serikali ya Kenya ilikuwa ikiwaonya vijana kuhusu ahadi za kazi nchini Thailand ambazo ziliishia kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar; Wakenya walikuwa miongoni mwa maelfu walioachiwa kutoka kambi hizo mwanzoni mwa mwaka 2025.

Video za namna hiyo zina alama ya kutambulika: zinaonyesha tabasamu, lakini hazionyeshi kazi ambayo mtu ataikuta kweli. Mwombaji adai kuona kazi yenyewe, apate jina kamili la mwajiri, na azungumze na mtu aliyemtafuta mwenyewe, asiyeletwa na wakala.

Sheria

Picha na sauti ya mfanyakazi ni taarifa zake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya ilikitoza kituo kimoja cha burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Mwajiri anayetumia sura ya mfanyakazi wake kwenye matangazo yuko katika nafasi hiyo hiyo. Ridhaa iandikwe, itaje picha zitatumika wapi na kwa muda gani, na ieleze zitaondolewaje mtu akihama. Si haki mtu aliyepunguzwa kazini Januari aendelee kuwakaribisha wengine kwa tabasamu hadi Desemba.

Ubaguzi nao unaweza kujificha kwenye mitambo ya matangazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza kumbagua mwombaji kwa misingi kama jinsia, kabila, dini au ulemavu. Mtandao unaomwezesha mwajiri kuamua kuwa tangazo lionekane kwa wanaume wa rika fulani tu hufanya ubaguzi ambao aliyebaguliwa hawezi hata kuujua. Nchini Marekani, Machi 2019, Facebook ilikubali, katika maridhiano na watetezi wa haki za kiraia, kuacha kuruhusu matangazo ya kazi yalengwe kwa umri, jinsia au mtaa anaokaa mtu.

Kupima matokeo

Idadi ya waliopenda video si kipimo cha ajira. Video ya wafanyakazi wakicheza muziki ofisini inaweza kutazamwa na watu laki moja na isimlete fundi hata mmoja. Vipimo vinavyofaa ni vichache na havihitaji programu ya bei mbaya. Kila mwombaji aulizwe alisikia wapi kuhusu nafasi na alizungumza na nani. Wanaofika kwenye usaili na wanaoajiriwa wahesabiwe kwa kila njia. Kisha waliobaki wahesabiwe baada ya miezi 3, 6 na 12, na wanaoondoka waulizwe kama kazi waliyoikuta ndiyo waliyoonyeshwa. Jibu la swali hilo la mwisho lina thamani kuliko takwimu zote za mtandao, kwa kuwa linaeleza kama sauti zilizosikika zilikuwa za kweli.

Matokeo hayo yakiwa mabaya, kamera ya bei ghali haitayaponya. Mshahara unaochelewa, msimamizi anayetukana na mkataba usioisha kuwa wa muda husimuliwa na wafanyakazi iwe kampuni imeruhusu au haikuruhusu, kwenye makundi ambayo mwajiri hayaoni. Fedha zilizotengwa kwa video za kuvutia waombaji zitumike kwanza kurekebisha wanayoyalalamikia waliomo. Naye mtafuta kazi asiridhike na video yoyote, hata iwe nzuri namna gani, kabla ya kumtafuta mtu mmoja aliyemo na mmoja aliyetoka, na kuwauliza wote wawili swali moja: mshahara hutoka tarehe ngapi?